Nyeusi kwa ya Manjani

Karakana ya umeme ya chuo chetu pale mjini Wote ilikuwa na madirisha matatu, meza sita, na soketi moja tu iliyofanya kazi. Siku yangu ya kwanza sikupewa bisibisi. Nilipewa ufagio. Mzee Kilonzo, fundi mkuu aliyenipokea, aliniambia nifagie nikitazama chini, kwa sababu kila parafujo iliyowahi kupotea mle ndani ilikuwa bado mle ndani. Nilipata kumi na moja. Akazihesabu, akazitia kwenye kopo, akasema, "Sasa umeanza kazi."

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi mliobaki karakana mmeniomba niwaandikie niliyoyaona. Mshahara mnaujua, na vyeo havikuwa vingi vya kusimulia. Nitaandika kuhusu umeme wa fezi tatu, kwa sababu ndio uliokula miaka yangu mingi, na kuhusu wivu, kwa sababu nao ulikula mingi. Mimi ni mzee wa kanisa. Ningefurahi kuwaachia habari safi zaidi. Lakini Mungu amenivumilia sana, na sioni nitamshukuruje nikificha alichonivumilia.

Mzee Kilonzo hakunifundisha fezi tatu ubaoni. Alinipeleka nyuma ya jiko la chuo, ambako wanawake watatu walikuwa wakitwanga mahindi ya muthokoi katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza ukigonga, wa pili unashuka, wa tatu unapanda. Hakuna aliyemgonga mwenzake, na kinu hakikupata nafasi ya kupumzika.

"Hizo ndizo fezi tatu," akasema. "Umeme wa nyumbani ni mama mmoja anatwanga peke yake. Kila akiinua mchi, kinu kinangoja."

Kisha akawaomba wawili kati yao wabadilishane zamu. Wakabadilishana, na mzunguko wa michi ukaanza kwenda upande wa pili. "Na hivyo ndivyo mota hugeuka kinyume," akasema. Mmoja wao akamwuliza, "Mzee, umekuja kujifunza kutwanga ama kutuchelewesha chakula?" Tukaondoka. Somo hilo nimelifundisha kwa maneno yale yale kwa miaka yote, bila kinu.

Shida yetu huku Ukambani mnaijua. Visima virefu vina pampu zenye mota za fezi tatu, kwa sababu ndizo zenye nguvu na zinazodumu. Lakini nyaya za umeme hazifiki visima vingi, na zikifika huleta fezi moja. Paneli za sola nazo hutoa umeme unaokwenda upande mmoja tu, usiopanda wala kushuka, ambao mota ya fezi tatu haina haja nao. Mashine za kiwandani za kubadilisha umeme huo zipo, ila zikiharibika hakuna wa kuzifungua. Nikajiwekea nadhiri: nitatengeneza fezi tatu kwa vifaa rahisi ambavyo fundi wa Kikima au Migwani anaweza kuvishika, kuvielewa na kuvibadilisha.

Nilitengeneza saketi tatu za mdundo, kila fezi na yake, kila moja na transista zake na transfoma yake. Nilizifunga pamoja kwa kapasita ili zivutane na kubaki katika zamu. Asubuhi zilivutana vizuri kama wanakwaya. Ikifika saa nne, bati la karakana likipata moto, moja ilianza kukimbia, nyingine ikachelewa, na mota ikanguruma kama mtu mwenye kifua. Nilitia kila kitu ndani ya sanduku la mbao lenye mishikio ya shaba, na kulibeba kulihitaji watu wanne. Wanafunzi waliliita jeneza. Nililifanyia kazi kwa miaka kumi na miwili, nikaliombea kwa kufunga mara nyingi, na halikuwahi kuzungusha mota hadi saa sita mchana.

Mwaka wa kumi na mbili akaja Mwikali.

Aliajiriwa kutunza vifaa vya maabara, mama wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa upande wa Migwani, aliyekuwa akiimba akifanya kazi. Siku yake ya pili alinikuta nimeinama ndani ya jeneza nikikaza kipinga cha umeme. Akasimama, akatazama, akacheka kidogo.

"Mwalimu, kwa nini unatengeneza midundo tatu?"

"Kwa sababu fezi ni tatu."

"Si utengeneze moja halafu uihesabu?"

Nilimwambia aende akahesabu koleo. Lakini sentensi ile ilinishika shingoni. Ilikuwa jibu lenyewe, na alilisema kama mtu anayeuliza saa.

Nawaandikia jinsi alivyofanya, kwa sababu ni vizuri na kwa sababu nilikataa kukubali kuwa ni vizuri. Alitengeneza mdundo mmoja tu, unaopiga mara mia tatu kwa sekunde. Mdundo huo ulipita kwenye chipu za kuhesabu, zikauzungusha katika hatua sita: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kisha moja tena. Mia tatu ukigawa kwa sita ni hamsini, na hiyo ndiyo kasi ya umeme wetu. Kila fezi iliwaka hatua tatu na kuzima hatua tatu, na iliyofuata ilianza hatua mbili nyuma yake. Hazingeweza kuachana hata bati lipate moto namna gani, kwa sababu zote zilihesabiwa kutoka kwa pigo lile lile. Transista kubwa sita zilifanya kazi ya kufungua na kufunga umeme wa paneli. Alipounganisha mara ya kwanza transista mbili zilipasuka, akapiga makofi na kusema, "Kumbe wamekutana mlangoni!" Akaongeza nafasi ndogo, ili mmoja awe ametoka kabla mwenzake hajaingia. Hazikupasuka tena. Mimi transista ikipasuka nilikuwa nakosa hamu ya chakula.

Ubao wake ulitosha juu ya kitabu cha nyimbo. Ulimchukua wiki tatu.

Niliona wivu wa kila kitu. Niliona wivu wa mikono yake isiyotetemeka akilehemu, wivu wa jinsi risasi ilivyong'aa kwenye maungio yake, wivu hata wa kuimba kwake, kwa sababu aliimba sauti ya pili vizuri kuliko mimi ninayeongoza kwaya. Mzee Kilonzo, aliyekuwa amestaafu, alikuja siku moja kuona ubao ule. Akavaa miwani, akautazama mbele na nyuma, akatazama mota ikizunguka kimya saa nane mchana, kisha akavua kofia. Ile kofia hakuwahi kuivua mbele ya jeneza langu. Jumapili hiyo nilifundisha darasa la watu wazima kuhusu wivu, na watu wakaniambia somo limewagusa.

Basi mkuu wa chuo akakubaliana na kamati ya maji ya kisima kimoja nje ya Migwani kwamba tuifunge pale mashine ya Mwikali. Walikuwa na paneli, walikuwa na pampu ya fezi tatu, na walikuwa wamechoka na injini ya dizeli. Ikifanya kazi, visima vingine vingefuata, na Mwikali angepewa meza yake na darasa lake. Isipofanya kazi, angerudi kuhesabu koleo. Hayo yote tuliyajua sote.

Siku ya kufunga mashine, mama yake Mwikali aliugua kule Kikima alikokuwa akiishi na binti yake mwingine, Mwikali akalazimika kwenda. Mkuu akanituma mimi. Mashine ilikuwa na skrubu tatu za shaba za kutolea umeme. Mwikali alikosa rangi ya bluu, ambayo kwa kawaida ndiyo ya fezi ya tatu, akazipaka kwa rangi zilizobaki za lango la chuo: moja nyekundu, moja ya manjano, moja ya kijani. Waya zilizotoka kisimani kutoka kwa pampu zilikuwa nyekundu, ya manjano na nyeusi. Nyeusi haikuwa na mwenzake, nikampigia simu. Pale kisimani mtandao hushika ukiwa umesimama juu ya jiwe moja tu, nikasimama hapo, mkono mmoja nimeziba sikio kwa sababu ya kelele za punda.

"Nyekundu kwa nyekundu," akasema.

"Nyekundu kwa nyekundu. Na nyeusi?"

"Nyeusi kwa ya manjani."

"Ya nini?"

"Ya manjani, Mwalimu! Ile ingine itajipata." Simu ikakatika.

Sisi Wakamba tuna n yetu ambayo huingia ndani ya maneno bila kualikwa. Baba huwa mbamba, dada huwa ndanda, na majani huwa manjani. Mwikali alimaanisha ya majani, yaani ya kijani. Mimi nilisikia ya manjano. Nikaunganisha nyeusi kwenye skrubu ya manjano, na waya ya manjano, iliyobaki bila mahali, nikaipeleka kwenye ya kijani. Niliona kwamba inaonekana vibaya. Nikajiambia ni yeye amesema.

Mama Ndinda, mwenyekiti wa kamati, aliomba, tukasema amina, nikawasha. Pampu ikaanza kule chini. Maji yalichukua muda mrefu kupanda, na yalipofika kwenye bomba yalikuwa uzi mwembamba uliokuwa ukikatika na kurudi.

Abdi, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye familia yake ilitoka kaskazini na ambaye mifugo yake hunywa pale, aliinama akatazama ndani ya bomba.

"Mwalimu, hii maji inatoka ama inafikiria?"

"Abdi, wacha maneno," akasema Mama Ndinda. "Mbuzi zako zimekunywa jana."

"Zilikunywa ya dizeli, Mama. Hii ya jua bado haijaamka."

Watu wakacheka. Nilizungusha mita ya kubana, ile inayopima umeme unaopita ndani ya waya, kwenye waya moja baada ya nyingine. Umeme ulikuwa sawa katika zote tatu, sawa kabisa, na ulikuwa mdogo kuliko pampu ile inavyotumia ikibeba maji. Nikaweka kiganja juu ya bomba. Hapo nikajua. Mashine mbovu haigawi umeme sawasawa. Na pampu ya kisima ikizunguka kinyume haikatai kabisa. Huinua maji kidogo, ya kukudanganya kwamba ni dhaifu tu. Mambo haya nilikuwa nimeyafundisha mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Dawa yake ni kubadilisha waya mbili. Ni kazi ya dakika tano, na bisibisi ilikuwa mkononi mwangu.

Saa ya kwanza lilikuwa kosa la sikio. Baada ya hapo ilikuwa dhambi, na siipi jina lingine.

"Mwalimu, hii ndiyo sola?" Mama Ndinda akaniuliza kwa sauti ya chini, ili nisiaibike.

"Saketi rahisi ina mipaka yake," nikamjibu. "Tuipe siku chache." Nikafunga mlango wa sanduku la chuma lililohifadhi mashine, nikarudi Wote.

Nilimwambia mkuu maneno yale yale, kwamba saketi rahisi ina mipaka yake. Yalikuwa maneno ya mtu mzima, na hakuna aliyeyapinga. Alisikitika, kisha akaniuliza, "Na lile sanduku lako, halingeweza kufufuliwa?" Nilipotoka ofisini kwake nilikwenda stoo moja kwa moja na kulipangusa jeneza vumbi. Nakumbuka nilikuwa nikiimba.

Mwikali alirudi kutoka Kikima siku ya tatu. Mama yake alikuwa amepata nafuu, lakini yeye alionekana kama ndiye aliyelazwa. Alikuwa ametengeneza ubao wa pili unaofanana na ule wa kwanza, akauweka mezani, akaanza kuutafuta ugonjwa ambao haukuwamo. Alipima mdundo, ukawa mia tatu. Alipima hatua, zikawa sita. Akazungusha mota ya karakana kutwa nzima, na ikazunguka.

"Mwalimu, ulipima fezi zote?"

"Nilipima."

"Zilikuwa sawa?"

"Zilikuwa sawa."

Nilisema kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko ule. Siku ya tano aliacha kuimba. Siku ya saba Mama Ndinda alipiga simu kusema kamati imeketi: wanawake wanapanga foleni kutoka alfajiri hadi adhuhuri kujaza mitungi miwili, na wanaomba radhi, lakini Alhamisi mashine ishuke na injini ya dizeli irudi. Mkuu akamwambia Mwikali aandae ripoti na avunje ule ubao wa pili, vifaa virudi kwenye droo. Alikubali. Nilimwona akichomoa transista ya kwanza. Nilitazama upande mwingine, na bado nilikuwa na wivu: hata kushindwa alikuwa akishindwa kwa adabu kuliko mimi ninavyoshinda.

Jumatano saa nne huwa na maombi ya wafanyakazi, na kwa kawaida mimi ndiye huongoza. Kiongozi wa siku akauliza kama kuna mwenye ombi. Mwikali akasimama.

"Naomba Mwalimu aniombee mimi," akasema. "Nimekosea kitu kwa ile mashine na siwezi kukiona. Watu wa kwetu wanakosa maji kwa sababu yangu. Aniombee nikubali."

Akaja mbele, akainamisha kichwa, na kitambaa chake kikawa chini ya kiganja changu. Nimeomba mazishini, nimeomba harusini, nimeomba mvua mpaka watu wakafungua miavuli kwa heshima. Nilifungua kinywa. Nikasema, "Bwana." Nikangoja neno la pili, halikuja. Ningemwambia nini, na Yeye alikuwepo kule kisimani nikifunga mlango wa sanduku? Nikasema, "Amina."

Mpishi akacheka nyuma. "Leo Mwalimu amebana matumizi." Wengine wakacheka pia. Mwikali akasema asante, akarudi kuketi.

Niliomba ruhusa ya kwenda Migwani siku hiyo hiyo. Nilifika jua bado liko juu, na foleni ya mitungi ilikuwa imezunguka kisima mara mbili. Mama Ndinda akaniambia mashine inashuka kesho, hakuna haja ya kujisumbua. Nikazima swichi, nikalegeza skrubu mbili, nikapeleka waya nyeusi kwenye kijani na ya manjano kwenye manjano, nikakaza. Nikawasha.

Bomba lilikohoa mara moja, kisha likatupa maji kwa nguvu hata mpira wa kujazia mitungi ukaruka kutoka mikononi mwa mama aliyeushika, ukamlowesha Abdi kuanzia kofia hadi viatu. Vigelegele vikapigwa. Punda wawili wakakimbia na mitungi mitupu.

"Mwalimu!" Abdi akapiga kelele akijipangusa ndevu. "Wewe ndio injinia! Huyo mama wenu wa chuo akuje afundishwe!"

"Hapana," nikasema. "Ni mimi nilikosea waya. Mashine yake ilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza."

"Ona mzee mnyenyekevu," akasema Mama Ndinda kwa wenzake.

"Mama, sikia. Nilijua. Nilijua siku ile ile, nikaenda."

"Mwalimu ana aibu ya kusifiwa," mama mmoja akaeleza, na wote wakakubaliana naye. Abdi akatangaza kwamba atachinja mbuzi. Sikuwahi kabla ya siku hiyo kukiri dhambi nikapewa nyama, na wala sikuila. Hadi nafika barabarani Mama Ndinda alikuwa ameshapanda kwenye lile jiwe la mtandao, akampigia mkuu wa chuo kumweleza jinsi Mwalimu alivyoiponya mashine ya Mwikali.

Kwa nyinyi mlio karakana, mafunzo ni haya. Mkiunganisha mota, tajeni waya zote tatu, na anayesikia arudie alichosikia. Msiache ya mwisho ijipate. Andikeni namba, kwa sababu namba haina n ya Kikamba. Pampu ikitoa maji kidogo na umeme uko sawa katika fezi zote, geuzeni waya mbili kabla hamjalaumu mtu. Na mkijua, semeni siku hiyo hiyo. Kesho yake inakuwa nzito mara mbili, na kesho kutwa unaanza kuizoea.

Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Mwikali mezani. Habari za Mama Ndinda zilikuwa zimemfikia, na droo ya transista ilikuwa wazi mbele yake. Nilifunga mlango. Nikamwambia yote: simu, manjano, mita, kiganja juu ya bomba, jeneza nililopangusa, na ombi lile la maneno mawili. Nikamwambia siku ya kwanza nilikosea nikaficha, na siku nane zilizofuata nilinyamaza, na kwamba sababu ilikuwa wivu, hakuna nyingine. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa hasira. Nilikuwa tayari aende kwa mkuu, na ningemsindikiza. Kwa mkuu nilikwenda mwenyewe baadaye.

Midomo ya Mwikali ilikuwa ikitembea, kumbe alikuwa akihesabu.

"Siku tisa?" akauliza.

"Tisa."

"Ikizunguka kinyume?"

"Kinyume, siku zote."

"Na kutoka asubuhi hadi jioni, na jua lile la kwetu?"

"Ndiyo."

"Na haijaunguza transista hata moja?"

"Hata moja."

Akapiga makofi. Akainuka mpaka kiti kikaanguka, akafungua mlango, na nikamsikia akiwaambia wa karakana ya pili kwamba mashine yake imezungusha pampu kinyume siku tisa Migwani na haijapata hata homa. Hakutaja jina langu. Nilibaki nimesimama na toba yangu kama mtu aliyeleta mzigo akakuta wenyeji wako harusini.

Baada ya kitambo akarudi, akaingiza kichwa mlangoni.

"Mwalimu, na unisamehe," akasema. "Ni hii manjani yangu. Mama alinichapa sana juu yake nikiwa mdogo."

Kisha akaenda zake, akiimba.

Wivu wa mikono yake niliuombea, na Mungu akauondoa polepole, kwa kunifanya niketi kando yake miaka iliyobaki nikiipaka rangi ya bluu kila skrubu ya tatu. Wivu wa moyo ule, uliofunguka mlangoni ukaniomba msamaha, ninao hadi leo ninapoandika. Huo sijawahi kumwomba auondoe.